Trekta ya petroli imekataa kuwaka? Fuata umeme kutoka betri hadi plagi

Kabla ya masika, mashamba ya Ganda, Kakuyuni na Jilore, huku Malindi, yakingoja kulimwa, ndipo trekta kuukuu hujitia ukaidi. Mvua inanukia, mbegu ziko tayari, na tinga imekaa chini ya mwembe inapigwa stata mpaka betri inaishiwa. Kinachofuata kwa kawaida ni mtu kutumwa Mombasa kununua koili (inayokuza umeme wa betri), kondensa yake, plagi nne na kofia ya distributa (inayogawia plagi umeme) kwa mkupuo mmoja. Pesa zinakwenda, na pengine trekta bado haiwaki.

Huku pwani, moto wa plagi ukipotea, usianze kwa kudhani kuna kifaa kilichokufa. Anza kwa kushuku mahali ambapo waya na chuma vimeacha kugusana sawasawa. Hewa ya bahari ina chumvi, chumvi huvuta unyevu, na shaba hushika kutu ya kijani hata ndani ya waya uliofunikwa. Kwa Gongoni na Ngomeni, karibu na mashamba ya chumvi, hali ni mbaya zaidi. Ukifuata umeme hatua kwa hatua utalipata pengo lenyewe, na ndipo utajua kama kuna haja ya kununua kitu.

Trekta gani hasa

Haya yanahusu trekta zenye plagi na distributa: Ferguson TE20 ile ya kijivu, iliyotengenezwa Coventry, Uingereza, kati ya 1946 na 1956, zaidi ya 500,000, ndugu yake Massey Ferguson 35 ya petroli, na nyinginezo za zama hizo. Kama yako ni ya dizeli, kwa mfano Massey Ferguson 135 yenye injini ya Perkins ya dizeli, haina plagi za moto wala koili. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, kwa hiyo isipowaka tafuta hewa kwenye mabomba ya mafuta, filta iliyoziba au betri chovu. Usipoteze siku hapa.

Kuna na zile za mafuta ya taa, ambazo huwashwa kwa petroli kisha zikishapata joto hugeuziwa mafuta ya taa. Hizi zina ugonjwa wao: dereva akigeuza koki mapema, au akiizima injini ikiwa bado kwenye mafuta ya taa, asubuhi atakuta plagi zimelowa na hakuna kitakachowaka. Kabla ya kuzima, rudisha petroli na uiache injini inywe kwanza.

Vyombo

Huhitaji karakana. Tafuta balbu ya volti 12 ya taa ya nyuma ya gari, iunganishie waya mbili ndefu, moja iwe na klipu: hiyo ndiyo taa yako ya kupimia, na mimi naiamini kuliko mita rahisi za dukani. Iwe balbu ya uzi. Za LED huwaka hata kwa umeme hafifu na zitakudanganya. Ongeza filageji (vibati vyembamba vya kupimia pengo), bisibisi, koleo lenye mpini wa plastiki, brashi ya waya, msasa laini, kitambaa kikavu na spiriti kidogo. Spana ziwe za inchi. Spana ya milimita kwenye nati ya inchi huila pembe zake, na nati nyingi za trekta hizi zimekwisha kuliwa na mafundi waliotangulia.

Ukiitwa kutazama trekta ya mtu mwingine, uliza kwanza iliguswa wapi mara ya mwisho. Waya za plagi zilizorudishwa kinyume, pamoja na kontakti (vile vidude viwili ndani ya distributa vinavyokata na kuunganisha umeme) zilizofungwa vibaya, huleta shida kuliko uzee wenyewe. Watu huona haya kusema kijana wa nyumbani alijaribu kutengeneza, lakini mficha uchi hazai.

Kabla ya kushika chochote

Gia iwe huru, breki imefungwa, na jiwe chini ya tairi. Ukizungusha kwa hendeli, weka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, usikizungushie mpini, na vuta kwenda juu badala ya kusukuma chini. Injini ikirudisha teke, mkono utaachia. Gumba likiwa limezunguka mpini, linavunjika. Cheche utakazozitafuta nazo huwasha mvuke wa petroli, kwa hiyo funga koki ya mafuta, futa iliyomwagika, na usipimie cheche karibu na tundu la plagi lililo wazi.

Kwanza, ni moto au ni mafuta?

Piga stata kidogo, kisha fungua plagi moja uitazame. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, mafuta yanafika na moto ndio unaoshukiwa. Ikiwa kavu kabisa, acha umeme utazame koki, chujio na kabureta. Jambo hili ni la dakika tano, na linarukwa kuliko yote.

Betri na athi

Betri ya volti 12 iliyojaa husoma karibu 12.6 ikiwa imepumzika, ikisoma 12.2 imebaki nusu. TE20 za mwanzo zilikuwa na betri ya volti 6, na yako huenda iligeuzwa baadaye na mtu asiyeacha maelezo, kwa hiyo soma betri na koili kama zinapatana. Jambo jingine: trekta nyingi za Kiingereza za wakati huo zina athi chanya, yaani upande wa chanya wa betri ndio unaofungwa kwenye bodi. Fundi aliyezoea magari ya sasa huifunga kinyume bila kufikiri. Injini inaweza kuwaka hata hivyo, lakini koili itatoa cheche dhaifu na dainamo haitachaji ipasavyo.

Vua vichwa vya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, mwagia maji ya moto yenye baking soda, sugua kwa brashi mpaka risasi ing'ae, kausha, funga, kisha paka grisi juu. Fuata waya wa athi mpaka unapofungwa kwenye chuma cha trekta. Hapo ndipo pwani inapotuumiza. Bolti inaonekana imekaza, kumbe chini yake kuna rangi na kutu. Fungua, kwangua mpaka chuma cheupe, rudisha.

Kwenye TE20 stata huamshwa kwa gia, wenzo ukipelekwa kwenye alama ya S, na swichi ya moto iko peke yake. Kwa hiyo injini kuzunguka kwa nguvu hakuthibitishi kwamba koili inapata umeme. Kinyume chake pia hutokea: stata hunyonya betri chovu mpaka koili inabaki na umeme usiotosha. Dalili yake ni kwamba trekta inawaka kwa hendeli lakini inakataa kwa stata, au inashika moto pale tu unapoiachia stata. Ukiona hivyo, koili huna haja ya kuigusa. Rudi kwenye betri, waya zake na athi.

Pima cheche ya waya mkuu

Chomoa waya mnene wa katikati ya kofia ya distributa, ule unaotoka kwenye koili. Ushike kwa koleo, ncha iwe mbali na chuma kisafi cha injini kwa kiasi cha milimita 6. Washa swichi, mwenzako azungushe injini. Cheche nene ya buluu inayopiga kwa sauti ni njema. Iliyo nyembamba na ya manjano ni mgonjwa. Kusiwe na mtu anayeegemea trekta, maana volti hapo ni maelfu.

Cheche ikiwa njema, kila kitu hadi koili kiko salama. Ruka uende kwenye kofia, rota (kidude kinachozunguka ndani ya kofia) na plagi. Ikiwa dhaifu au haipo, endelea na sehemu inayofuata. Hiyo ndiyo inayomaliza kesi nyingi.

Taa ya kupimia kwenye koili

Koili ina vichwa viwili vidogo. Kwenye koili za zamani za Lucas vimeandikwa SW na CB: SW ni upande wa swichi, CB ni upande wa kontakti. Kwenye nyingine utaona alama za chanya na hasi.

Funga klipu ya taa kwenye chuma kisafi cha injini. Washa swichi, gusa SW. Taa isipowaka, umeme haufiki: rudi nyuma kwenye swichi, fyuzi kama ipo, na kila kiungio, ukigusa kila mahali mpaka taa iwake. Pengo liko kati ya mahali inapowaka na mahali inapozimika. Swichi zenyewe huoza ndani kwa unyevu. Kuthibitisha, vuta waya wa muda kutoka upande wa betri usiofungwa athi moja kwa moja hadi SW. Injini ikiwaka, umempata mwizi. Kuizima, chomoa waya huo.

Taa ikiwaka kwenye SW, hamia CB, na mwenzako azungushe injini polepole kwa hendeli. Taa iwake na kuzimika kwa zamu: kontakti zikifunguka inawaka, zikifunga inazimika. Ikifanya hivyo, umeme wa chini unapita na kukatika inavyotakiwa, na unaobaki kushukiwa ni kondensa au koili yenyewe.

Taa ikikaa imewaka tu bila kuzimika, kontakti hazigusani. Huenda zina mafuta au kutu, huenda pengo ni kubwa mno, au kiwaya kilaini ndani ya distributa kimekatika. Kiwaya hiki hukatika ndani ya ganda lake, nje hakionyeshi kitu. Kivute taratibu, kikinyumbuka kama mpira kimekufa. Tazama pia kama bamba linalobeba kontakti lina athi nzuri.

Taa ikikataa kuwaka kabisa pale CB, vua waya unaokwenda kwenye distributa, kisha gusa CB tena. Isipowaka hata hapo, uzi wa ndani ya koili umekatika, na sasa ndiyo unaweza kwenda dukani. Ikiwaka, umeme unavujia athi ndani ya distributa: kontakti hazifunguki, kondensa imeungua ndani, au vile viringi vya fiba kwenye skrubu ya kontakti vimewekwa vibaya. Hivi viringi ni vidogo na havina sura ya kitu cha maana, lakini ndivyo vinavyotenga kiwaya na spring'i na chuma cha distributa. Waya wa koili, waya wa kondensa na spring'i ya kontakti lazima vigusane vyenyewe kwa vyenyewe, na visiguse bamba. Mtu akibadilisha kontakti kisha trekta iliyokuwa inawaka ikafa ganzi, mimi hapa ndipo ninapoanzia kutazama.

Kontakti na kondensa

Zungusha injini mpaka kile kidole cha fiba kinachosugua kemu (mhimili wenye pembe unaofungua kontakti) kikae juu kabisa ya pembe. Hapo ndipo pengo hupimwa, si penginepo. Distributa nyingi za Lucas hutaka karibu milimita 0.4, kama una kitabu cha trekta yako, fuata kitabu. Filageji ipite kwa kugusa kidogo, bila kulazimishwa.

Nyuso zikiwa za kijivu lakini tambarare, msasa laini mara mbili tatu unatosha, kisha pitisha karatasi safi katikati zikiwa zimefunga, uivute mpaka itoke bila doa. Kontakti mpya huja zimepakwa mafuta ya kuzuia kutu. Zifute kwa spiriti kabla ya kufunga, la sivyo utasema zimeletwa zimekufa. Kwenye kemu paka grisi kiasi cha kichwa cha kiberiti. Ikizidi, joto huirushia kwenye kontakti.

Upande mmoja ukiwa na shimo na mwingine kilima, au kontakti zikipiga cheche kubwa kila zinapofunguka huku cheche ya koili ikiwa hafifu, shuku kondensa. Njia ya uhakika ni kujaribu nyingine. Kondensa ya distributa ya gari lolote la zamani lenye kontakti, karibu maikrofaradi 0.2, inafaa: waya wake ufunge CB, bodi yake ifunge kwenye chuma, nje ya distributa. Ikifanya kazi hapo, iache hapohapo. Na usitupe ile ya zamani kabla hujaithibitisha, kwa maana kondensa mpya za bei rahisi zinazouzwa siku hizi nyingine hazimalizi msimu.

Koili inayokufa ikipata joto

Trekta inalima vizuri nusu saa, inazimika, inapumzishwa kivulini, inawaka tena. Wakati wa kaskazi, jua likiwa kali, malalamiko haya huwa mengi. Koili hufanya hivyo kweli, uzi wake wa ndani ukitanuka na kuachana. Lakini tundu la hewa la kifuniko cha tangi likiziba kwa vumbi, dalili ni zilezile. Kwa hiyo ikizimika, kwanza legeza kifuniko cha tangi, kisha papo hapo, kabla haijapoa, pima cheche ya waya mkuu. Ukingoja ipoe hutajua kitu.

Kwa mita, koili ya volti 12 isiyo na rezista husoma karibu ohmu 3 kati ya vichwa vidogo viwili, na maelfu kadhaa kati ya kichwa kidogo na tundu la waya mkuu. Ikisoma karibu ohmu 1.5, hiyo ni ya kutumiwa pamoja na rezista. Ukiifunga bila rezista, itachemka na kuunguza kontakti. Usiache swichi imewashwa injini ikiwa imesimama: kontakti zikiwa zimefunga, koili inakaa ikipikika.

Kofia, rota na waya

Wakati wa kusi, pepo za unyevu na mvua, mambo hugeuka: trekta haiwaki alfajiri, saa nne inawaka yenyewe. Huo ni umande ndani ya kofia. Ivue, ikaushe kwa kitambaa, ifute kwa spiriti. Chunguza ndani yake kama kuna mstari mweusi mwembamba kama unywele. Hiyo ni njia ambayo umeme umejichomea, na kuikwangua hakusaidii sana. Kofia hiyo ibadilishe. Kile kijiti cha kaboni katikati kiwepo, na kiwe kinapanda na kushuka kwa spring'i yake. Vipande vya shaba vikwangue unga wa kijani.

Ukitaka kuona uvujaji kwa macho, washa injini usiku mahali pasipo na taa. Waya zilizochakaa zitang'aa buluu. Unapozibadilisha nunua zenye shaba ndani.

Mpangilio wa moto kwenye TE20 ni 1-3-4-2, silinda ya kwanza ikiwa ile ya upande wa rejeta. Fuata upande ambao rota inazunguka, si upande unaoudhania.

Plagi

Zinazoonyesha kahawia ya majivu zina afya. Nyeusi zenye masizi makavu zinasema mchanganyiko una mafuta mengi au moto hautoshi. Zenye mafuta mazito ya injini zinasema ringi za pistoni au mirija inayoongoza valvu imechoka, na plagi mpya zitalowa vilevile. Pengo la milimita 0.6 hadi 0.7 linafaa injini nyingi za aina hii.

Taiming, mwisho wa yote

Usiguse taiming (wakati cheche inapopiga) kabla ya kuweka pengo la kontakti, kwa sababu pengo likibadilika taiming nayo hubadilika. Vua plagi ya silinda ya kwanza, ziba tundu kwa gumba, zungusha kwa hendeli mpaka hewa isukume: hapo pistoni inapanda kubana. Endelea polepole upande uleule mpaka alama ya flaiwili au puli ikae mahali kitabu kinaposema. Rota iwe inaelekea waya wa silinda ya kwanza.

Legeza klipu ya distributa. Taa ya kupimia iwe kati ya CB na athi, swichi imewashwa. Zungusha distributa upande ambao rota huenda mpaka taa izimike, kisha irudishe taratibu kinyume chake, na pale taa inapowaka tu, simama na ukaze. Hendeli ikirudisha teke, moto umewahi mno. Injini ikipata joto haraka na kukosa nguvu ya kuvuta jembe, umechelewa.

Zenye magneto

Baadhi ya trekta za zamani zaidi hazina koili na distributa za kando bali magneto, ambayo hutengeneza umeme wake bila betri. Ukizungusha hendeli polepole, zile zenye kirushio (spring'i inayoizungusha magneto kwa ghafla) husikika zikipiga "tak" tena na tena. Kimya ni dalili kwamba kirushio kimeganda kwa mafuta makavu, na mafuta mepesi ya kuoshea hukifungua. Chomoa pia waya mdogo wa kuzimia injini ujaribu tena, kwa kuwa ukichubuka na kugusa bodi, magneto huzimwa moja kwa moja. Zaidi ya kontakti zake, usiifungue: sumaku za zamani hupoteza nguvu zikitolewa ovyo.

Msimu ukiisha

Trekta ya kungoja vuli ihifadhi bandani, mgongo wake ukielekea upepo wa bahari, na turubai lisifungwe likagusa ardhi kwa sababu hufungia unyevu ndani. Betri ivue, iweke mahali pakavu, na ichajiwe kila mwezi.